Namba Nisiyoipima

Katoro, 21 Januari 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Barua hii nimempa Fredy, konda wa basi la Ushirombo, na nimemwapisha aiweke mkononi mwako, asiiache dukani kama ile ya mwaka jana. Najua simu unaisikia kama debe linalogongwa, na meseji unasema zinakata maneno katikati. Basi nimerudi kwenye kalamu. Usicheke mwandiko, umeharibika chuoni.

Kazi nimeanza. Zahanati yetu ni ndogo, ya mtu binafsi, ipo nyuma ya soko. Nafanya kazi chumba kimoja na Dk. Magesa. Ni mtu wa Musoma, mrefu, hacheki, anakunywa chai isiyo na sukari. Uliniagiza nikueleze ninachofanya kutwa nzima, kwa hiyo soma polepole.

Asubuhi nafuta kitanda cha kupimia kwa jiki, natandika shuka safi, napanga glovu, pamba, kipima joto na tochi ya kuangalia koo. Halafu naita majina. Mgonjwa akiingia namkalisha, nampima uzito, joto na presha, namuuliza kinachomsumbua, naandika kwenye daftari lake, ndipo anasogea kwa daktari. Mtoto akichomwa sindano, mimi ndiye namshika. Akija bibi asiyejua Kiswahili, mimi ndiye mdomo wake: anasema Kisukuma, namwambia daktari, daktari akijibu namrudishia.

Juzi alikuja bibi mmoja wa huko ndani ndani. Alikataa kupanda kitandani akiwa peku mbele ya watu wenye viatu. Alisema ni kumvunjia heshima. Nikamwambia, "Bibi, hata mimi navua." Nikavua. Dk. Magesa aliporudi kutoka maabara alitukuta wote peku, mmoja kitandani na mwingine amesimama. Akatazama miguu yangu, akatazama ya bibi, akaanza kazi.

Nimepanga chumba karibu, maji yapo. Usiku nakukumbuka. Unakula vizuri? Nani anakupikia ugali tangu nimeondoka?

Mwanao,
Lukresia


Ushirombo, 2 Februari 2024

Mwanangu Lukresia,

Marahaba. Fredy ameleta barua, imekunjwa mara nne na inanuka dizeli, lakini imefika. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisomea nje kwa sauti, nikijua kuku ndio wananisikiliza, kumbe na Mama Masalu alikuwa nyuma ya ua. Habari za kuvua viatu zimemfurahisha mno. Amesema hivyo ndivyo mama yako, Mungu amrehemu, alivyokuwa.

Ugali napika mwenyewe. Unaungua chini, juu unalika.

Jumapili baada ya matangazo niliomba nafasi. Wanajua mimi ni katekista mstaafu, nikipewa nafasi siiachii upesi, lakini waliniruhusu. Nikawaambia, "Daktari wetu ameanza kazi Katoro!" Kigango kizima kilipiga makofi. Kwa masikio yangu haya niliyasikia, kwa hiyo ujue yalikuwa makofi kweli. Sasa njiani wananiita Baba Daktari, nami naitika.

Mama Masalu ana kidonda mguuni, chini ya kifundo, hakikauki tangu Krismasi. Anauliza daktari wetu anamwandikia dawa gani. Nijibu upesi, amesema hamtaki mtu mwingine.

Vaa sweta asubuhi.

Baba yako,
Pantaleo


Katoro, 11 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Wabeja kwa maombi na kwa karanga. Nimekula nusu, nusu nimewapa manesi.

Mwambie Mama Masalu aende zahanati ya kata. Kidonda hakitibiwi kwa barua. Kuhusu jina wanaloniita hapo kigangoni, nilitaka kukuambia jambo, lakini tutaongea nikija.

Hapa kazi imechanganya. Siku za mnada watu wanajaa mpaka barabarani: wachimbaji wenye vidole vilivyopondwa, akina mama wa kliniki, wafugaji waliokuja kuuza ng'ombe wakakumbuka na kikohozi chao humo humo. Mwanzoni nilikuwa nachelewa. Mgonjwa mmoja dakika kumi, wa nyuma wanapiga mluzi. Sasa nimezoea. Nampima huyu huku nauliza yule. Jana Dk. Magesa amesema, "Lukresia, umekuwa mwepesi." Toka kwake, Baba, hiyo ni sherehe.

Chumvi punguza.

Mwanao,
Lukresia


Ushirombo, 25 Februari 2024

Mwanangu,

Huo wepesi umeurithi kwangu. Nilipokuwa kijana nilifundisha watoto themanini komunyo ya kwanza katika msimu mmoja, na wote walijua sala ya kutubu.

Mama Masalu nimemwambia maneno yako. Amesema atasubiri uje likizo, kwa nini apimwe na mtu asiyemjua wakati kijiji kina daktari wake? Sikubishana naye. Ni kweli amekulea.

Mvua imenyesha. Mahindi yamefika kiunoni. Jambo ulilotaka kuniambia, kama ni la mwanamume, ujue mimi si mkali kama unavyodhani. Awe tu anasali.

Baba yako,
Pantaleo


Katoro, 10 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Nipo. Kazi ni nyingi, nisamehe barua ni fupi. Usiwe na wasiwasi.

Lukresia


Ushirombo, 24 Machi 2024

Mwanangu Lukresia,

Mtu akiniambia nisiwe na wasiwasi, hapo ndipo ninapouanza. Mistari miwili! Hata hukuniuliza nimekula nini.

Nilimbana Fredy. Kwanza alisema hajui kitu. Nikamshika mkono wa shati. Ndipo akasema amekuona mara mbili asubuhi, umeinama kwenye baraza ya zahanati, unapiga deki, ndoo pembeni, na daktari anapita juu ya maji yako bila kukusalimu.

Daktari anapigishwa deki? Tangu lini? Au huyo Magesa alikutaka ukamkataa, sasa anakulipizia? Niambie kweli. Mimi ni mzee na sisikii, lakini kuja Katoro naweza, na kusema naweza. Nimekwisha piga pasi koti.

Kama umemkosea, niambie pia. Kama kuna mimba, niambie. Hakuna kitu utakachoniambia nikaacha kuwa baba yako. Ila huku kunyamaza, ng'wana wane, kunanitesa. Usiku naamka nakaa tu kitandani.

Baba yako,
Pantaleo


Katoro, Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Koti livae, lakini usije kugombana na Dk. Magesa. Hajanitaka, wala hajanionea. Kaa chini usome.

Kwanza, mimi si daktari. Kozi niliyosoma ni ya mwaka mmoja, cheti kinasema mhudumu wa afya. Sitibu mtu. Nampima, namwandaa, namwandika, daktari ndiye anatibu. Ulipowatangazia watu nilitaka kukusahihisha, nikaona furaha yako nikashindwa. Ndilo jambo nililotaka kukuambia. Si mwanamume.

La pili ndilo zito.

Tarehe tano Machi ilikuwa siku ya mnada. Saa nne mashine ya presha iliishiwa betri. Tulimtuma mtu dukani akachelewa. Foleni ilikuwa imefika kwenye duka la simu, watu wanagonga dirisha. Akaingia mama mmoja anaitwa Mariana, mjamzito wa miezi saba na kitu, anauza wali na maharage kule kwenye mialo wanakosafishia dhahabu. Mume wake Ignas yuko kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, anapanda juu mara moja kwa wiki. Mariana alikuwa na haraka, chakula kipo jikoni. Nikafungua kadi yake ya kliniki. Mwezi uliopita presha ilikuwa mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Mwezi huu nikaandika mia na ishirini kwa themanini. Sikumpima, Baba. Niliitunga.

Dk. Magesa akaisoma, akampa vidonge vya damu, akamwambia arudi baada ya wiki nne. Mariana alipotoka alishika fremu ya mlango, akafumba macho kidogo. Nilimwona. Nikaita jina linalofuata.

Betri zilikuja. Niliendelea kupima watu kama kawaida, lakini kila nikifunga ule mkanda kwenye mkono wa mtu nilimwona Mariana pale mlangoni. Saa tisa, foleni ilipokwisha, nilikuwa nafuta kitanda. Dk. Magesa anakunywa chai yake. Nikasema, "Daktari, yule mama wa asubuhi, Mariana. Presha yake sikuipima."

Akasema, "Imeandikwa."

"Niliiandika tu."

Akaweka kikombe chini. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Akasema, "Unajua anapoishi?" Nikasema najua anapouzia. Akachukua mashine, akaniambia nibebe mkoba wa dawa, tukapanda bodaboda moja watu watatu.

Tulimkuta kwenye banda lake ameketi chini, ameegemea gunia la mkaa, kanga mbichi kichwani. Nikamuuliza, "Mama, unajisikiaje?" Akasema, "Moshi huu, dada. Unaniumiza macho, naona vimulimuli." Baba, jiko lilikuwa limezimika zamani. Miguu imevimba mpaka ndala zimeacha alama. Nikamfunga mkanda, ukateleza, nikaufunga upya, Dk. Magesa akanisubiri, hakuninyang'anya. Mia na sabini na mbili kwa mia na kumi na mbili. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Ikawa ile ile.

Hicho ndicho kinachokuja kabla ya kifafa cha mimba. Daktari alimchoma sindano pale pale juu ya mkeka, tukakodi gari la jirani, nikakaa nyuma nimempakata kichwa mpaka Geita hospitali. Njiani aliniuliza, "Kwani asubuhi si mlisema niko sawa?" Nikamrekebishia kanga kichwani.

Walimfanyia upasuaji usiku ule. Mtoto ni wa kike, alizaliwa na kilo moja na nusu. Mpaka leo wako wodini, mama anambeba kifuani ngozi kwa ngozi. Nimepiga simu kila siku mbili. Wiki iliyopita nesi alisema mtoto ameacha kunyonya, jana amesema ameanza tena. Sijui atapona, Baba. Sijui.

Dk. Magesa alinitoa chumbani mwezi mzima. Alisema, "Mimi nikiwa mezani naona ulichoandika. Sioni kingine." Nikapewa ndoo na deki. Anapita bila kunisalimu, Fredy hakudanganya. Tarehe nane nitarudishwa kwa majaribio, kila ninachopima nesi atakirudia.

Mariana hajui. Yeye na mumewe wanadhani presha ilipanda ghafla, na mimi ni yule dada mwema aliyemfuata mpaka bandani. Ignas alinitumia ujumbe wa shukrani. Siwezi kuusoma mara mbili.

Umesema hakuna nitakachosema ukaacha kuwa baba yangu. Basi nimesema.

Lukresia


Ushirombo, 29 Aprili 2024

Mwanangu,

Tangu Pasaka nilijaribu kukujibu nikachana karatasi nne, ndiyo maana nikaamua kupanda basi kuja kwako Katoro. Sasa nimerudi nyumbani, na yale niliyoshindwa kuyasema pale mbele ya watu nayaandika.

Hujui kwamba siku ile nilifika saa mbili. Nilijiandikisha kwa jina la ukoo, Mzee Maduhu, nikashusha kofia, nikakaa kwenye benchi kati ya kijana mwenye kidole kilichofungwa kitambaa na mama wa mapacha. Nilikaa saa mbili na nusu nikikutazama. Kila aliyeingia ulimkalisha kwanza. Yule kijana wa kidole alianza kukupigia kelele, na wewe ukamwonyesha kiti. Mama wa mapacha alinisogelea sikioni akanipazia sauti, "Huyu dada anachelewesha watu siku hizi, lakini anapima." Nikamwambia huyo ni mwanangu. Nilipata taabu kukaa kimya baada ya hapo.

Uliita Mzee Maduhu mara tatu, sikusikia, mpaka ukaja kunigusa bega. Nilitegemea utapiga kelele. Ulisema, "Shikamoo Baba. Kaa upumzike dakika tano, umetoka juani." Kisha ukapima, nesi akapima. Mia na hamsini na nane kwa tisini na sita. Nilipokuambia uandike mia na ishirini ili nisafiri na furaha, nilikuwa natania. Ulivyonitazama! Nisamehe kwa utani ule. Vidonge nameza kila asubuhi, na chumvi nimemgawia Mama Masalu.

Sasa na mimi nina la kusema. Cheti chako nilikisoma siku ulipokileta. Nimesoma barua za baraza la walei miaka thelathini, nitashindwa kusoma cheti? Neno "daktari" nililiweka mimi. Nililisema mara ya kwanza likawa tamu mdomoni, nikalisema tena. Wewe uliogopa kunisahihisha, kumbe unayemwogopa anajua ukweli wote.

Na halikuwa neno tupu. Mama Masalu amekaa na kidonda tangu Krismasi akimsubiri daktari wa kijiji. Nilipotoka Katoro nilikwenda moja kwa moja kwake, nikamfungua kitambaa. Kidonda kilikuwa karibu kufika mfupani. Nilimpeleka zahanati siku iliyofuata, wakamtuma hospitali ya wilaya. Ni kisukari. Wamemkata kidole kimoja cha mguu, wamesema angechelewa mwezi mwingine ungekuwa mguu.

Jumapili niliomba nafasi baada ya matangazo. Nikasema, "Ndugu zangu, kuna kitu nilikisema hapa si cha kweli." Mimi ni mgane, wakadhani natangaza ndoa, wakaanza kucheka. Nikawaambia: Lukresia si daktari, ni mhudumu wa afya, na mimi nilijua. Nikawaambia kidole cha Mama Masalu kimepotea kwa ajili ya uongo wangu. Mama Masalu mwenyewe alikuwa amekaa mbele, mguu juu ya kigoda. Akasema, "Pantaleo, leta chumvi nyingine, ile imekwisha." Tulipotoka alinipa mkono.

Mimi nimesema mbele ya watu wote. Wewe una mtu mmoja tu wa kumwambia. Sikulazimishi. Najua ilivyo vigumu.

Nakupenda, ng'wana wane. Nilipaswa kukuambia siku ile tulipokunywa chai bandani kabla sijapanda basi, lakini ungenijibu na nisingesikia.

Baba yako,
Pantaleo


Katoro, 26 Mei 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Vidonge ni kila siku, hata ukijisikia mzima. Mpe pole Mama Masalu, mwambie asitembee peku kabisa, hata uani. Mwezi wa saba nakuja likizo, nitamsafisha kidonda mwenyewe kama nesi wa kata atakubali.

Alhamisi Mariana alikuja na mtoto. Wametoka wodini mwisho wa Aprili. Wamemwita Asteria. Amenenepa mashavu, anatazama taa. Nesi ameacha kurudia vipimo vyangu wiki iliyopita, kwa hiyo chumbani tulikuwa wawili tu, daktari alikuwa maabara.

Mariana akaanza kunishukuru. Ananiombea, anasema, kila akimnyonyesha. Nikamwambia, "Mama, subiri. Siku ile asubuhi sikukupima. Niliandika namba ya uongo kwenye kadi yako. Ningekupima, ungeenda hospitali saa nne, si jioni."

Nilifikiri atanipiga, na nilikuwa tayari. Akauliza, "Daktari anajua?" Nikasema anajua, nilimwambia siku ile ile, ndiyo maana tulikuja. Akauliza, "Ignas anajua?" Nikasema hapana, lakini nitamwambia ukitaka. Akasema, "Nitamwambia mwenyewe. Atapiga kelele. Usijifiche."

Alikuwa analia bila sauti na mimi nalia, mtoto anatutazama. Nikafikiri atainuka aondoke, aende kliniki nyingine. Ni haki yake. Akafungua kanga, akamvua mtoto nguo zote, hata soksi, akaniletea.

"Mpime," akasema. "Namba nitaisoma mimi."

Nikamlaza kwenye mzani. Alikuwa anarusha miguu, tukasubiri atulie. Mariana akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Kilo tatu na gramu mia moja," akasema. "Andika."

Nikaandika.

Mwanao,
Lukresia